Ukuta wa Mbao za Kubabua

Siku ya kwanza tulipowasha moto wa kubabua mbao, wifi yangu alitoka jikoni na ndoo ya maji machafu ya vyombo akaimwaga yote juu ya moto. Baba yangu alikuwa amechuchumaa pembeni, ubao mkononi, na maji yakamrukia kifuani pamoja na majivu na makoko ya ugali. Wifi akarudi jikoni na ndoo yake. Mume wangu alisimama akitazama chini. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na nilichohisi hakikuwa hasira ya kupita. Nilimchukia mwanamke yule kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeamua jambo.

Hiyo ilikuwa Mwanza mjini, miaka michache kabla ya Uhuru, uani kwa wifi. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Ukoo wao ulikuwa wa watu wa mjini wa siku nyingi, wafanyabiashara waliochanganya damu ya Kiarabu, ya Kimanyema na ya Kisukuma, na nyumbani walizungumza Kiswahili tu. Mimi nilitoka ng'ambo, Sengerema, binti wa fundi seremala. Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha sokoni, na nikiharakisha maneno, l na r zilinichanganya. Wifi alipenda kunisubiri nikosee mbele ya wageni, kisha akalirudia neno langu polepole, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Hakuniita wifi. Alisema "huyo wa ng'ambo," hata nikiwa nimesimama mbele yake na sinia la chai.

Mume wangu alikuwa karani kwenye maghala ya pamba. Alipata kiwanja upande wa Butimba, mlimani, katikati ya yale mawe makubwa ambayo mtu wa Mwanza huyazoea hata asiyaone tena. Wifi alitaka tujenge chini, karibu naye, nyumba ya matofali iliyopigwa lipu na kupakwa chokaa. Lakini kiwanja cha chini hatukuwa nacho, na cha juu hakikupandika kwa lori, wala huwezi kuchimba msingi wa matofali kwenye jabali. Mbao zinabebeka begani. Nikamwambia mume wangu kwamba baba yangu amejenga maghala ya mbao maisha yake yote, na kwamba huzibabua kwa moto kabla ya kuzipigilia, kwa sababu mchwa hautaki kula mkaa, na mvua haishiki upesi kwenye ubao ulioungua vizuri. Akakubali. Dada yake alipopata habari, aliwaambia wanawake wa mtaa mzima kwamba mdogo wake anahamia kwenye tundu la kuku.

Baba alivuka kwa kivuko akiwa na kisanduku chake cha vifaa. Tulikwenda naye kuchagua mbao kwa mfanyabiashara mmoja wa mbao karibu na stesheni, na wifi akaja pia, bila kualikwa, amejifunga baibui lake zuri. Baba hakuwa na haraka. Aliugeuza kila ubao akatazama kichwa chake, aone pete za mti zimebanana au zimeachana. Alinusa. Aligonga kwa kidole akasikiliza. Zenye vifundo vingi alizitenga, akanieleza kwamba kifundo hukauka kivyake, na moto ukipita hulegea na kudondoka, kisha unabaki na tundu ukutani. Zilizokuwa bado na maji alizikataa, maana hupindika motoni. Muuzaji alimletea mninga mwekundu wa kutoka Tabora, akausifu. Baba alikubali kwamba ni mbao nzuri, lakini akasema huo ni wa milango na vitanda, kwamba mafuta yake na uzito wake vitamsumbua, moto utaramba juu tu. Alichagua mvule uliokuja kwa meli kutoka Bukoba, akataka wenye unene wa kutosha, ili moto ukishakula juu, mwili wa ubao ubaki.

Wifi akamwambia muuzaji, "Mpe tu zilizobaki nyuma. Si zinakwenda kuchomwa kama kuni?"

Muuzaji akacheka. Baba hakugeuka. Alinisemesha kwa lugha yetu, akaniuliza kama dada huyu ana ugonjwa wowote unaomzuia kumtazama mtu usoni anapoongea. Nikamwambia hana.

Mchana huo ndio wifi alipomlisha baba nje. Mkwe ni mtu wa kutandikiwa mkeka, na wao, watu wa mjini, walijua hayo kuliko sisi. Mume wangu alikuwa ameitwa kazini, akarudi chakula kimeshaliwa. Wifi akapakua sahani ya udongo iliyomeguka ukingo, akaiweka nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia, walipokuwa wakila wapagazi waliobeba mbao. Nilipouliza, akasema mafundi hula nje. Baba alikula. Alisema asante kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, akanawa, akaanza kupanga kuni. Ndipo yakaja yale maji ya vyombo.

Baada ya hapo hatukubabua tena uani kwake. Tulibeba mbao zote mpaka mlimani, na baba akapata mahali kati ya mawe mawili ambapo upepo wa ziwa ulikuwa haufiki. Alichimba mtaro mfupi, akaujaza kuni za mgunga mpaka ukawa moto mtulivu, na kuuweka kila ubao juu yake uso ukiwa chini. Kazi yenyewe ni kutazama. Ubao huanza kutoka jasho, kisha huwa kahawia, kisha mweusi, kisha weusi wenyewe hupasuka vipande vidogo vidogo kama ngozi ya mamba. Ukifika hapo unauinua. Ukiuacha zaidi, mkaa unakuwa mnene na mwepesi, utadondoka wenyewe. Ukiuinua mapema, umeupaka masizi tu. Tuliumwagia maji, tukausimamisha ukauke, tukaupiga brashi ya waya, tukaupaka mafuta ya kitani. Miisho ya mbao baba aliibabua mara ya pili, kwa sababu ubao hunywa maji kwa kichwa chake.

Kuta tuliziinua juu ya msingi wa mawe, ubao wa chini kabisa ukiwa juu kama goti la mtu, kila ubao ukimfunika mwenzake wa chini kidogo ili mvua iteleze. Nyuma yake tuliacha nafasi ya hewa. Misumari ilikuwa ya ile isiyoshika kutu. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la mchana na mvua ya ziwani, baba aliuacha na mkaa mnene. Alipomaliza alinizungusha nyumba nzima, akanionyesha kila pembe, kisha akanipa maagizo.

"Weusi wake ukianza kugeuka kijivu, usingoje mwaka uishe," alisema. "Paka mafuta kabla ya masika. Na udongo usiguse ubao. Hata siku moja."

Nikamwuliza kama na mume wangu amemwambia. Akasema ameniambia mimi.

Kosa moja tulilifanya wote, na wifi ndiye aliyelifaidi. Hatukuufikiria ukuta wa barazani. Ulikuwa na mkaa mnene sawa na ule wa magharibi. Idi ya kwanza tuliyokaa pale, wifi alipanda na kundi la wageni, na mzee mmoja aliyeheshimika sana akaketi barazani akaegemea. Aliposimama, kanzu yake nyeupe ilikuwa na mistari ya masizi kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Wifi alimpangusa kwa leso huku akizidi kuyaeneza. Akawaambia wageni kwa upole, "Nisameheni. Ndugu yangu ameoa watu wa tanuri."

Walicheka kidogo, kwa adabu. Nilikuwa nimeshika birika na nilitamani kummiminia. Wageni walipoondoka nilichukua brashi ya waya nikaukwangua ukuta wa baraza mpaka rangi ya kahawia ya mti ikatokea kati ya mistari myeusi, nikaupaka mafuta, na ulipokauka nikaufuta kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikatoka safi. Tangu siku hiyo nilijua kwamba ukuta unaoguswa na watu hauchomwi kama ukuta unaoguswa na mvua. Nilijifunza mambo mengine pia peke yangu. Kwa mfano, mafuta hayapakwi siku ambayo wale wadudu wa ziwani wameinuka juu ya maji kama moshi, maana upepo ukiwaleta mlimani wote watanata ukutani, na utakuwa na nyumba yenye manyoya.

Niliutunza ukuta ule. Wifi alikuwa akija, anasimama njiani, anautazama, anakunja pua, hapandi. Akimtaka mdogo wake anamwita kutoka chini. Naye alishuka kila alipoitwa. Tuligombana juu ya hilo, mimi na mume wangu, mara nyingi kuliko tulivyogombana juu ya kitu kingine chochote.

Mwaka wa Uhuru, siku zilipokaribia, mji mzima ulikuwa unapakwa chokaa. Watu walifagia mbele ya milango, walipanda maua kwenye mikebe, walipaka hata mawe ya kando ya njia. Wakati huo nikaitwa Sengerema, baba ni mgonjwa. Nilikwenda na mtoto mgongoni. Baba alikuwa hawezi kukaa, ila mikono yake ilikuwa inahangaika juu ya blanketi kana kwamba inatafuta kitu cha kushika. Aliniuliza ukuta wa magharibi unaendeleaje. Nikamwambia ni mweusi vilevile. Alifurahi. Alikufa kabla ya bendera kupandishwa, na kwetu sherehe ilitukuta tumekaa msibani, tukisikia ngoma kutoka upande wa barabara.

Niliporudi Mwanza nilishuka njiani, nikainua macho kuitafuta nyumba yangu kati ya mawe, kama nilivyozoea. Sikuiona. Pale ilipokuwa palisimama nyumba nyeupe. Nilidhani nimekosea njia. Nilipanda, na nilipofika nikaona chokaa imepakwa juu ya mbao za baba, ubao kwa ubao, mpaka chini ya paa. Tena palikuwa na maua. Udongo ulikuwa umeletwa kwa makarai na kurundikwa juu ya msingi wa mawe mpaka ukafunika ubao wa kwanza na wa pili, na juu yake yamepandwa maua mekundu.

Mume wangu alikuwa barazani. Alinipa pole ya msiba. Nikamwuliza nani amefanya hivi, ingawa nilijua. Akasema dada yake alileta watu. Dada alisema Uhuru usiwakute na nyumba ya huzuni mlimani, mji mzima ukiitazama. Yeye mwenyewe, akasema, hakutaka ugomvi wakati wa sherehe. Nikamkabidhi mtoto. Sikuvua hata viatu.

Wifi alikuwa sebuleni kwake, anashona. Niliingia bila hodi. Nikamwambia, "Baba yangu nimemzika. Nimerudi nimekuta umeipaka kazi yake chokaa."

Aliiweka nguo chini. Nilitarajia matusi, nami nilikuwa na yangu tayari. Badala yake alisema, bila kunitazama, "Wewe unajua harufu ya nyumba iliyoungua?"

Nikasema najua harufu ya mbao.

"Nyumba yetu iliungua nikiwa msichana," alisema. "Ilikuwa ya mbao. Mimi ndiye niliyemtoa mume wako, alikuwa bado ananyonya. Mama alirudi ndani kuchukua vitu, akatoka hana nywele wala ngozi ya mikono. Hakumaliza mwezi. Tulikaa kwa watu, tukilishwa nje kama mbwa. Halafu unanijengea nyumba nyeusi mlimani niitazame kila nikifungua dirisha."

Mume wangu hakuwahi kuniambia. Baadaye nilikuja kujua kwamba na yeye alijua nusunusu tu. Aliambiwa mama yao alikufa kwa homa. Nilisimama pale na kwa muda nilimwonea wifi huruma, huruma ya kweli. Nilimwona msichana na mtoto mikononi. Kisha nikamwona baba na sahani yake juu ya jiwe la kufulia.

"Ulilishwa nje," nikamwambia, "na baba yangu ukamlisha nje."

Akaiokota nguo akaendelea kushona.

"Ungesema tu," nikasema. "Siku ile tunachagua mbao ungesema. Tungejenga kwa kitu kingine, hata kwa udongo."

"Ningemwambia nani?" akasema. "Wewe?"

Niliondoka. Hatukusemezana tena kwa muda mrefu sana, na ninaposema muda mrefu nina maana kwamba mtoto yule wa mgongoni alianza shule.

Mvua hazikuchelewa. Chokaa ikaanza kutiririka, ikaacha mabaka ya kijivu kama ngozi ya mgonjwa. Mahali pengine ilibanduka kwa vipande, na kila kipande kilibanduka pamoja na mkaa, mti ukabaki uchi. Maua yalistawi. Nilipoyang'oa nikaukwangua udongo, nikakuta njia nyembamba za mchwa zimepanda kutoka ardhini moja kwa moja mpaka nyuma ya mbao, ambako moto haukuwahi kufika. Ubao wa pili ulionekana mzima kabisa. Niliubonyeza kwa kidole gumba kikazama ndani. Kilichobaki kilikuwa ganda jeusi, na nyuma yake vumbi.

Niliketi kwenye matope nikalia, na sikulia hivyo hata msibani.

Kiangazi kilipofika nilianza kubandua. Sikumwomba mume wangu. Hatukuwa tukizungumza ila mambo ya chakula na mtoto. Nilichukua mtaimbo wa baba, niliokuja nao kutoka Sengerema, nikaanza na ukuta wa magharibi. Wanawake wa jirani walipita wakanitazama, wengine wakasema mama huyu amerukwa na akili, anabomoa nyumba anayolala. Mbao zilizooza nilizitenga ziwe kuni. Nzima nilizikwangua chokaa yote, nikazirundika kwenye kivuli zikauke. Nilikwenda mwenyewe kwa muuzaji yule kununua mvule mpya wa kujazia, na nilipoanza kugeuza mbao na kunusa, hakucheka.

Siku niliyowasha moto kati ya yale mawe mawili, mume wangu alirudi kazini mapema. Alivua shati la kazini akalitundika kwenye jiwe, akashika upande wa pili wa ubao. Tulifanya kazi mpaka jua likawa juu ya ziwa. Mwishowe alisema, "Nilimwogopa dada."

"Najua," nikasema. "Utamwogopa mpaka lini?"

"Sijui," akasema.

Nilipenda kwamba hakunidanganya. Safari hii tulibabua mbao pande zote mbili, mbele na nyuma, jambo ambalo baba hakulifanya. Ni kazi mara mbili na kuni mara mbili, lakini nilikuwa nimeona mchwa hupita wapi.

Miaka ilipita. Wifi alizeeka vibaya. Miguu ilimvimba, macho yakaingia ukungu, na nyumba yake ya matofali mjini ikawashinda waliokuwa wakimtunza. Hakuwa na mtoto. Mume wangu alinijia akiwa na uso wa mtu anayeomba, nami nikamkatiza, nikamwambia amlete. Alibebwa mlimani kwenye kiti. Tulimpa chumba cha upande wa baraza.

Asidhani mtu kwamba tulipatana. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo, naye akasema marahaba kama anatema mbegu. Uji wangu ulikuwa mzito, au mwepesi, au una moshi. Fimbo yake aliigongesha ukutani makusudi akipita, mpaka nikalazimika kupaka mafuta sehemu ile peke yake kila baada ya miezi michache. Nami sikuwa malaika. Siku za kupaka mafuta nilianza na dirisha lake, ili harufu impate kwanza. Aliita, "Huyo wa ng'ambo, funga dirisha." Nilifunga, lakini si upesi.

Mara moja tu aliongea nami kwa namna nyingine. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na kwa majirani maji yalikuwa yanapenya kuta. Alikuwa amekaa kitandani akipapasa mbao karibu na kichwa chake, kutoka juu mpaka chini.

"Kukavu," alisema.

Nikasema ndiyo, ni kukavu. Nilingoja aendelee. Akaniambia nimletee maji ya kunywa, na safari hii yasiwe na ladha ya sufuria.

Alipokufa, wanawake wa ukoo waliokuja kumwosha walikuwa wachache, na mmoja wao akaniuliza kama nitaingia. Niliingia. Nilimwinua kichwa, nikammiminia maji taratibu, nikaona alama ndefu ya moto kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka kwapani, mahali ambapo mtu hubebea mtoto. Katika miaka yote ile alivaa mikono mirefu. Niliuosha mkono ule kama nilivyouosha mwingine.

Nje walikuwa wakisema alikuwa mama wa watu, mwenye moyo mkubwa. Mume wangu alilia kama mtoto mdogo, nami nilimshika mabega. Mimi sikulia, na baadhi ya watu walinisema kwa hilo. Walitaka niseme kwamba nimemsamehe. Niliwaambia chakula kiko tayari, nikawatandikia wote mikeka ndani.